Nani Analipia Unga wa Bei Nafuu?

Sembe ikipanda bei Dar es Salaam, hoja moja hujitokeza upesi kuliko zote: mipaka ifungwe, mahindi yasitoke nchini mpaka Watanzania washibe. Husemwa bungeni, redioni na kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Wanaoisema si watu wabaya. Ni watu wa mshahara mdogo, ni mama lishe ambaye faida yake yote imo kwenye sahani ya ugali, ni wazee wanaokumbuka enzi za kupanga foleni ya unga. Naipinga hoja hii kwa nguvu zangu zote kwa sababu naamini ndiyo inayotusogezea njaa tunayoiogopa. Lakini kwanza niieleze kama wenyewe wanavyoieleza.

Wanasema chakula si bidhaa kama bidhaa nyingine. Mtu anaweza kuahirisha kununua bati, hawezi kuahirisha kula. Wanunuzi wa Kenya na Kongo wana fedha nyingi kutuzidi. Wakiachwa huru watazoa nafaka yote na kutuachia mabua. Kisha wanaongeza jambo zito: wakulima wadogo wengi wenyewe hununua chakula sehemu ya mwaka, hivyo bei ikipanda nao huumia. Kwa maelezo yao, bei ya chini ni kinga ya maskini wote, wa mjini na wa kijijini. Na mkulima? Serikali itamnunulia mazao yake, na akifundishwa kilimo cha kisasa atazalisha zaidi na umaskini utamtoka.

Nitazichukua hoja hizo moja moja, pamoja na ile ya kwamba nchi inajitosheleza.

Hoja ya kwanza: mahindi yakizuiwa, chakula kinabaki

Juni 2017, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza marufuku ya kupeleka mahindi nje ya nchi. Anayetaka kuuza nje akaambiwa asage kwanza, auze unga. Haikuwa mara ya kwanza. Kati ya 2008 na 2012 marufuku ya namna hiyo iliwekwa na kuondolewa zaidi ya mara moja. Ya 2017 ilikuja wakati wakulima wa Rukwa, Ruvuma, Songwe na Njombe wakiwa ndio wanavuna. Bei ikaporomoka. Marufuku ilipoondolewa baadaye, mkulima mwenye deni alikuwa ameshauza, na asiye na deni alikuwa amekaa na magunia sebuleni akipigana na dumuzi.

Katika nchi yenye mipaka mirefu kama yetu, marufuku haizuii mahindi yasitoke. Inachozuia ni bei nzuri isimfikie aliyelima. Mahindi huendelea kwenda kwa njia za panya kandokando ya Namanga, Holili, Sirari na Tunduma, ila sasa safari ina hatari: lori linaweza kukamatwa, mzigo ukataifishwa, na kila kizuizi kina mtu wa kutulizwa. Mnunuzi anapofika kijijini huwa ameshazipigia hesabu hatari hizo zote, na huzikata kwenye bei anayompa mkulima. Mlaji wa Nairobi analipa bei ya juu, mkulima wa Sumbawanga anapokea bei ya chini, na tofauti inabaki mikononi mwa watu wa kati. Marufuku inayotangazwa kuwa ni vita dhidi ya walanguzi ndiyo inayowanenepesha.

Wazee wanaokumbuka foleni wanakumbuka sawasawa. Ninachowaomba ni wakumbuke pia kilichotangulia. Ukame wa 1973 na 1974 ulikuwa wa kweli, na watu walikuwa wakihamishiwa vijiji vya ujamaa katikati ya shughuli za kilimo. Lakini mvua zilirudi, na bado mwanzoni mwa miaka ya 1980 tulikuwa tunakula unga wa njano kutoka ng'ambo, ule ulioitwa unga wa Yanga. Kwa nini? Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC, likawa ndilo mnunuzi halali wa nafaka, bei ikapangwa ofisini, na kusafirisha mahindi toka mkoa hadi mkoa kukahitaji kibali. Mkulima hakuandamana. Alipunguza shamba la kuuza, akalima la kula, na ziada kidogo aliyokuwa nayo akaipitisha kwa magendo. Mahindi yaliyofika kwenye maghala ya NMC yakapungua mwaka hadi mwaka, na taifa lililokuwa linamdhibiti mkulima kwa jina la chakula likaenda kuomba chakula nje.

Hoja ya pili: bei ya chini inamlinda maskini

Hii ndiyo hoja yao yenye nguvu. Ni kweli kwamba wakulima wadogo wengi hununua chakula. Swali ni wanakinunua lini, wanauza lini, na kwa nini.

Ukanda wa Nyanda za Juu Kusini una msimu mmoja wa mvua. Watu hupanda Novemba na Desemba, hupalilia Januari, huweka mbolea ya kukuzia, na huvuna kuanzia Juni. Kufikia siku ya kuvuna, mkulima maskini amezungukwa na madeni: mbolea aliyokopa, ada ya mtoto, dawa za mgonjwa, mchango wa msiba. Wanaomdai wote wanajua tarehe ya mavuno kama anavyoijua yeye. Kwa hiyo huuza Juni na Julai, wakati kila jirani yake naye anauza. Mnunuzi huja na debe lake mwenyewe, limegongwa kwa ndani mpaka ubavu na kitako vimetuna nje. Hulitikisa, hulijaza mpaka lifanye mlima, na huo mlima haulipiwi. Debe sita huitwa gunia, lakini gunia likifikishwa kwenye mizani huzidi kilo 100 kwa mbali. Ujazaji huo wa kupita kipimo, lumbesa, ni kosa kisheria, na kila mwaka unapigwa marufuku upya.

Januari mambo hugeuka. Ghala la mkulima yule ni tupu, naye huondoka kwenda kuhemea. Sasa hapimiwi kwa debe, hana fedha ya debe. Anapimiwa kwa sado, limekatwa juu kwa ubao likawa sawa na ukingo, kwa bei ambayo kwa kilo huweza kuwa mara mbili ya ile aliyouzia. Mahindi ni yale yale. Huenda yametoka shambani kwake.

Kwa hiyo tukisema bei ya chini inamlinda mkulima anayenunua chakula, tunazungumzia bei ipi? Marufuku ya mwezi Juni hushusha bei ya Juni, yaani bei anayouzia. Haiwezi kushusha bei ya Januari, kwa sababu Januari mahindi yameshahamia kwenye maghala ya wenye mtaji wa kusubiri. Na kadiri bei ya Juni inavyokuwa ndogo, ndivyo anavyolazimika kuuza magunia mengi zaidi kulipa deni lile lile, na ndivyo ghala lake linavyokauka mapema. Umaskini wake wa Januari hutengenezwa Juni, na sisi ndio tunaoutengeneza halafu tunautumia kama ushahidi wa kudai bei iwe chini zaidi.

Wengine hawafiki hata Juni. Huuza mazao yakiwa bado yamesimama shambani, kwa mkopo wa dharura wa Februari au Machi. Mkoani Kagera kununua kahawa ikiwa mtini huitwa butura, Mbinga kuna magoma, na kwenye korosho za Mtwara na Lindi kuna kangomba. Viongozi wamezikemea biashara hizo, wamekamata watu, na mwaka 2018 hata jeshi lilihusishwa katika ununuzi wa korosho. Biashara hizo hurudi kwa sababu shida iliyozizaa haijaondoka: mtu ana mgonjwa ndani, na mwenye fedha taslimu kijijini ni mmoja.

Ipo hasara nyingine ambayo haionekani kwenye takwimu za soko, nayo ndiyo inayonisumbua kuliko zote. Januari, mwezi wa palizi, mkulima asiye na chakula huacha shamba lake na kwenda kulima kibarua kwenye shamba la mwenye nacho ili jioni arudi na unga. Anapalilia mahindi ya mwenzake huku yake yakimezwa na magugu. Palizi ikichelewa wiki mbili au tatu, mahindi hayasamehe. Shamba lililokuwa na uwezo wa gunia kumi linatoa tano, si kwa ukame wala kwa ujinga, bali kwa sababu mwenyewe alikuwa na njaa katika wiki zilizohitaji mikono yake. Zidisha shamba hilo kwa kaya zote zilizo katika hali hiyo, kisha uniambie kama umaskini wa mkulima ni jambo lake binafsi au ni upungufu wa chakula cha taifa.

Hoja ya tatu: nchi inajitosheleza, kwa hiyo iko salama

Taarifa za serikali za miaka ya karibuni zinaonyesha utoshelevu wa chakula wa zaidi ya asilimia 120. Sina sababu ya kuzibishia. Ninachobisha ni kuzigeuza kuwa jibu. Mkutano wa dunia wa chakula uliofanyika Roma mwaka 1996 ulikubaliana kwamba usalama wa chakula ni watu wote, wakati wote, kuweza kukipata na kumudu chakula cha kutosha chenye lishe. Haukusema tani zigawanywe kwa idadi ya watu.

Utafiti wa kitaifa wa afya na demografia wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Mikoa iliyoongoza kwa udumavu ni Iringa, kwa karibu asilimia 57, kisha Njombe na Rukwa, kwa karibu asilimia 50 kila mmoja. Hii si mikoa ya ukame. Ndiyo inayolisha nchi. Ndiko malori ya mahindi yanakotoka. Wataalamu wa lishe wanataja sababu kadhaa: mlo wa wanga mtupu, kazi nzito za mama mjamzito na anayenyonyesha, usafi wa maji na mazingira. Zote ni za kweli, na nyingi zinapita kwenye mfuko wa kaya. Kaya inayouza maharage, mayai na maziwa yake yote ili ipate fedha ya chumvi na daftari itamlisha mtoto uji wa mahindi asubuhi na ugali jioni. Nchi ina asilimia 120. Mtoto wa mzalishaji hana.

Mwanauchumi Amartya Sen alilionyesha hili mwaka 1981 alipochunguza njaa ya Bengal ya 1943 na ile ya Wollo, Ethiopia, ya mwaka 1973. Watu walikufa huku chakula kikiwapo, kwa sababu hawakuwa na uwezo wa kukipata.

Hoja ya nne: mkulima ni maskini kwa sababu halimi kisasa

Kwa miaka mingi wastani wa mavuno ya mahindi nchini umekuwa kati ya tani moja na nusu na mbili kwa hekta, na mashamba yanayotunzwa vizuri hutoa mara mbili ya hapo au zaidi. Hapo wasomi husema: apewe elimu.

Tupige hesabu na huyo anayehitaji elimu. Kabla ya ruzuku iliyozinduliwa Nane Nane ya 2022 mjini Mbeya, mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya kupandia ulikuwa umefika zaidi ya shilingi 130,000, na wa kukuzia zaidi ya 120,000. Ekari moja ya mahindi kwa mfuko mmoja mmoja ni zaidi ya shilingi 250,000. Tuseme ametunza shamba vizuri akapata gunia kumi na mbili za kilo 100, na bei ya kijijini ni shilingi 300 kwa kilo. Anahitaji zaidi ya gunia nane kulipa mbolea peke yake. Hajalipa mbegu, hajalipa palizi, hajanunua magunia, hajala. Mtu anayekataa biashara hiyo hahitaji kufundishwa hesabu. Ameshaipiga.

Ruzuku ilishusha bei hadi karibu shilingi 70,000 kwa mfuko, na naiunga mkono. Lakini hata kwa bei hiyo, mahindi yakiwa shilingi 300 gunia karibu tano huenda kwenye mbolea. Yakiwa shilingi 700 zinatosha gunia mbili. Bei ya mazao inamwezesha mkulima kulima kisasa kuliko semina yoyote. Tunatumia mabilioni ya Hazina kumpa mbolea kwa mkono mmoja, kisha kwa tangazo la siku moja mpakani tunamnyang'anya kwa mkono mwingine fedha ya kuinunua msimu ujao.

Hoja ya tano: serikali itamnunulia

Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, ulioanzishwa mwaka 2008, ni chombo muhimu. Vihenge vya kisasa vilivyojengwa Makambako, Songea, Sumbawanga na kwingineko vililenga kuufikisha uwezo wake wa kuhifadhi kwenye tani 501,000. Mahindi yanayovunwa nchini kwa mwaka hupita tani milioni sita. Hata maghala yale yakijaa pomoni, sehemu kubwa kabisa ya mavuno itauzwa kwa watu binafsi, kwa bei ya soko tulilolibana.

Na ununuzi wa serikali una thamani kwa mkulima pale tu unapolipa taslimu na kwa wakati. Majirani zetu wa Kenya walilionja hilo mwaka 2018. Wakulima wa Trans Nzoia na Uasin Gishu waliopeleka mahindi kwenye maghala ya bodi ya nafaka walisubiri malipo kwa miezi, huku ikibainika kwamba wafanyabiashara walioingiza mahindi kwa majina ya wakulima walikuwa wamelipwa. Mkulima asiyelipwa hadi mvua zinaanza huwa ameikopesha serikali bila riba, naye anakwenda kukopa kwa riba ili apande.

Hapa kwetu mwaka 2024 ulitupa somo la aina nyingine. Zambia ilikumbwa na ukame mkali, na NFRA ikakubaliana nayo kuiuzia tani 650,000 za mahindi. Msimu huo Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza mkoani Rukwa kwamba NFRA itanunua kwa shilingi 700 kwa kilo. Sidhani bei hiyo ingewezekana bila mnunuzi wa nje. Sikumsikia mtu akisema taifa limesalitiwa kwa mahindi kuvuka Tunduma, na nchi haikulala njaa. Kama kuuza nje ni hekima ikifanywa na wakala wa serikali, haiwezi kuwa uhaini ikifanywa na mkulima wa Mbozi au chama chake cha ushirika.

Anayelima chakula ndiye anayeadhibiwa

Korosho ikisafirishwa India tunashangilia fedha za kigeni. Kahawa, tumbaku, pamba, vivyo hivyo. Parachichi la Njombe likipata soko Ulaya au China mawaziri huenda kupiga picha. Zao ambalo mkulima hushtukizwa kwamba haliruhusiwi kwenda penye bei ni chakula cha msingi. Tumemwambia kwa vitendo, miaka nenda miaka rudi, kwamba akilima kinachouzwa Ulaya atakuwa huru, na akilima kinachotulisha tutamfungia.

Amesikia. Pitia Njombe na Mufindi uone mashamba ya mahindi ya zamani yaliyopandwa misonobari na miparachichi. Mwenye shamba hana kosa, amefanya lililo bora kwa watoto wake. Kijana wake naye ameuza ng'ombe akanunua bodaboda, kwa sababu amemwona baba yake akivuna vizuri na kubaki na deni. Sera yetu ya kulinda chakula inapunguza watu wanaotaka kukilima.

Wakazi maskini wa mijini wana haki ya kula, na ruzuku ya unga ni jambo halali kabisa kwa nchi kulitoa. Ruzuku hiyo ipo tayari. Tatizo ni kwamba anayeitoa ni kaya ya Kalambo na Namtumbo, haijaulizwa, na haionekani popote kwenye vitabu vya bajeti. Wabunge wanaodai mipaka ifungwe waidai kwa utaratibu huu: uamuzi utangazwe Oktoba, kabla mkulima hajaweka mbegu ardhini, usitangazwe akiwa na mundu mkononi. Tofauti kati ya bei ya ndani na bei ya mpakani ipigiwe hesabu, iandikwe kwenye bajeti ya wizara kama deni la taifa kwa wakulima, na ilipwe taslimu ndani ya siku 14 tangu mzigo upimwe kwa mizani, si kwa debe la mnunuzi. Chakula cha mashuleni kinunuliwe kutoka vyama vya wakulima. Stakabadhi ghalani, ambayo ina sheria yake tangu 2005, imwezeshe mwenye gunia ishirini kukopa nusu ya thamani yake Julai na kuuza Februari. Hazina ikiona gharama hiyo ni kubwa mno kwake, basi ni kubwa mno pia kwa mkulima wa ekari mbili, na mpaka uachwe wazi.